Kila Mtu Alitaka Kutembea Mkiani

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mie. Nimebeba magunia Kurasini, nimeuza viatu vya mtumba Temeke, nimepandisha watu milimani kabla baadhi yenu hamjaota meno ya mbele. Nimeona meneja mwenye ofisi ya kiyoyozi anamlilia mama yake kwa sababu ya baridi. Nimeona dada kaja kupanda mlima na viatu vya visigino, akapanda, akafika, akashuka, halafu akateguka mguu kwenye ngazi ya gari. Nimeona bwana harusi wa wiki mbili anamwacha mkewe njiani ili akapige picha na ndege. Kwa hiyo msinieleze habari za kushangaza. Zimekwisha zote, nimezimaliza mie.

Naandika haya kwa sababu vijana mnanisumbua. Kila wiki simu: shikamoo Baba Shani, nataka kuanzisha safari za milimani, siri ni nini? Nimechoka kurudia. Nawaandikia hapa mara moja, msome, mkome.

Kwanza mjue anayesema nanyi ni nani. Mie shule niliishia darasa la nne. Ila nendeni Gongo la Mboto mkaulize nyumba ya Baba Shani mtaonyeshwa na mtoto mdogo, ile ya geti la bluu na bati la rangi ya udongo. Ile nyumba imejengwa na miguu ya watu. Miguu yao ilipanda, tofali zangu zikapanda.

Nilianza na viatu. Pale Temeke kwenye mitumba kila mtu alikuwa anakimbilia jinzi na mashati, mie nikakimbilia buti za kutembelea milimani. Wenzangu walinicheka, nani Dar anapanda mlima? Nikawajibu hayupo, nitamtengeneza. Nikawa nawaambia wateja, kiatu hiki kabla hujakizoea kitakuchuna, njoo Jumamosi tukakifundishe Pugu. Nikawapeleka vilima vya Pugu, ndani ya msitu, bure. Walikuja wawili, wakaja sita, mwaka uliofuata nikawa nakodi koasta.

Sasa somo la kwanza hilo hapo, na chuoni hamtalipata. Buti ya mtumba usiiamini kwa sura. Ikunje, mdomo uguse kisigino. Ingiza pua kwenye soli, kama gundi inanuka vumbi badala ya kunuka gundi, imekufa zamani, ilikuwa inasubiri mtu wa kumwaibisha. Mie nilijifunza kwa aibu. Safari yangu ya kwanza ya kwenda mbali, Uluguru, niliwavisha watu buti safi zinang'aa, za Ulaya, nzuri kama za duka. Nusu ya mlima soli zikaanza kuachia. Moja, nyingine, ya tatu. Watu wanatembea viatu vinapiga kofi chini kama bata. Tukashuka tumevifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Tangu siku ile natembea na mpira wa tyubu mfukoni. Mpaka leo ninapoandika hapa upo mfukoni, na sina ninakokwenda.

Somo la pili ni kofia. Anayeongoza avae kofia nyekundu. Sio ya bluu, sio ya kijani, hiyo mnavaa ili mpendeze kwenye picha. Nyekundu, watu wakuone popote. Yangu ni ya sufu, aliifuma mke wangu, Mama Shani, na imeshakwenda juu mara nyingi kuliko nyie nyote mkijumlishwa.

Somo la tatu ni la mkia, na hapo ndipo ilipo habari yenyewe.

Mwalimu wangu wa mkia alikuwa Mzee Kapinga, nyapara wetu wa Kurasini, Mmatengo wa Mbinga. Mtu mfupi, mkali, mdomo mchafu kama maji ya bandari. Yeye ndiye aliyenifundisha kukanyaga kwa unyayo mzima, usitembelee vidole, na kupumua kwa pua. Siku moja tulikuwa tunapandisha chumvi kwenye ubao wa kuingilia melini, foleni ndefu, kila mtu na gunia lake. Tulipofika juu tukakuta mmoja hayupo. Kumbe kateleza zamani, kaangukia chini na gunia lake, tumemkuta amelikalia anatutukana ukoo kwa ukoo. Mzee Kapinga akasema, "Mkia ukikatika kichwa hakijui. Kuanzia leo wa mwisho ni mtu maalumu, na haruhusiwi kumpita yeyote."

Nikalichukua lile nikalipeleka milimani. Kampuni nyingine za pale mjini zilikuwa zinatembeza watu kama mbuzi wa mnada. Msafara wa Baba Shani ulikuwa na kichwa, ndio mie, na mkia, mtu wa mwisho anayeokota waliochoka. Haruhusiwi kumpita mtu hata akilala. Leo mnauona utaratibu huo kila mahali. Mjue umetoka wapi.

Shida ilikuwa nani ashike mkia. Kwetu sie kushika mkia ni jambo la mtu aliyefeli. Nikimpa kijana kazi hiyo, safari mbili ananitoroka, anasema wenzake wanamcheka. Mwisho nikampa mke wangu.

Mama Shani alikuwa anatupikia tu. Vitumbua, chai ya tangawizi kwenye chupa, maandazi ya njiani. Mwendo wake, Mungu anisamehe, ni wa kinyonga mwenye mimba. Kila kitu anasimama kukiangalia. Nikamwambia, "Mama Shani, wewe umezaliwa kushika mkia."

Akasema, "Nitakwenda wapi, Kitulo?"

"Kitulo."

"Kwenye maua?"

"Maua ni ya wateja. Wewe unaangalia watu."

Akaenda kutafuta sweta.

Kwa wasiopajua, Kitulo ni uwanda wa juu kabisa kusini huko, kati ya Mbeya na Makete, wenyeji wanaita Bustani ya Mungu. Mvua zikishakolea, kuanzia Desemba mpaka karibu na Aprili, nyasi zote zinageuka maua. Manjano, zambarau, meupe, mekundu, mpaka macho yanachoka. Miti hakuna, jua lipo ila halina kazi, baridi inang'ata masikio. Tunaondoka Gongo la Mboto Ijumaa alfajiri, tunalala Matamba, Jumamosi tunatembea kutwa nzima na askari wa hifadhi, Jumapili tunarudi. Ndiyo safari iliyonijenga. Watu wa Kinondoni, wa Temeke, wa Tabata, wanaweka nafasi toka Septemba.

Na mie nilikuwa nawapa mwendo wa haki. Kutoka barabarani tunavuka vijito, tunapanda kilima cha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho ambako unaona bonde lote. Tunafika kabla ya saa sita, tunapiga picha, tunageuka. Mteja akirudi Dar anasema nimefika. Hiyo ndiyo bidhaa niliyouza: kufika.

Safari yake ya kwanza Mama Shani alikaa nyuma na watu wawili, mzee mmoja na dada mwenye pumu. Safi. Mie mbele na kundi zima. Safari ya pili nyuma walikuwa watano. Ya tatu nikaanza kusikia kicheko.

Kicheko cha mlimani, wadogo zangu, kinapanda haraka kuliko mtu. Uko mbele, unahema, huku nyuma unasikia haa, haa, mtu anacheka mpaka anakohoa. Unageuka, wako mbali, vidoti tu, wamekaa chini. Wamekaa! Kwenye safari yangu.

Kulikuwa na mteja wangu wa siku nyingi, Neema, wa Kinondoni, anafanya kazi benki. Miaka yote alikuwa anatembea nyuma yangu mie, hatua kwa hatua, ananisifia mwendo. Siku hiyo akaniambia, "Baba Shani, nyie tangulieni, kamba ya kiatu imefunguka."

Nikasema sawa. Nimetembea hatua kadhaa ndipo akili ikanijia. Neema alikuwa amevaa gambuti. Gambuti lina kamba wapi?

Nilipofika kilima cha mwisho nyuma yangu walikuwa watu watatu, na mmoja ni askari wa hifadhi, analipwa kunifuata.

Usiku ule Matamba nikamuuliza mke wangu, "Unawaambia nini watu wangu?"

"Watu wako gani?"

"Wale wa mkiani."

"Siwaambii kitu. Tunaangalia maua."

"Maua unayajua wewe?"

"Siyajui. Ndiyo maana tunayaangalia."

Mnaona jibu hilo. Halina pa kulishika. Nikalala nimegeukia ukuta.

Dar nako ikawa balaa. Zamani mteja alikuwa ananipigia mie. Siku hizi kuna grupu la simu, mke wangu ndiye anayeliendesha kwa sababu mie herufi ndogo zile zinaniumiza macho. Nikitangaza safari, swali la kwanza: Mama Shani atakuwepo? La pili: mkiani nafasi zipo? Mtu anauliza nafasi ya mkia kama anauliza siti ya dirishani! Hakuna aliyeuliza kama Baba Shani yupo. Mie nilichukuliwa kama barabara. Barabara haiulizwi kama ipo.

Wivu wa mwanamume kwa mwanamume mwenzake naujua, unapigana unamaliza. Wivu wa biashara naujua pia, unashusha bei unamaliza. Huu wa mke wako mwenyewe, kwenye kazi uliyomwingiza kwa mikono yako, hauna dawa dukani. Anakupikia, anakupa maji ya kuoga, na wewe moyoni unasema, huyu kaniibia.

Safari iliyofuata niliamua kujua. Nikawaambia watu wa mbele nina haja ndogo, nikajificha nyuma ya jiwe, nikasubiri mkia upite. Walikuja taratibu kama watu wanaotoka msibani wameshiba. Mama Shani katikati. Wakasimama karibu kabisa na jiwe langu.

Kumbe alikuwa anayapa maua majina ya watu wa mtaani kwetu.

"Hawa wadogo wa zambarau ni wanakwaya," anasema. "Upepo ukipita wanainama wote, mmoja akikosea wote wanakosea. Huyu mweupe mpana ni mama mwenye nyumba, kakaa katikati, mpangaji hapiti. Huyu wa njano kasimama pembeni ni mjumbe, kajaa madaraka, hana kivuli."

Watu wanacheka, na kila mmoja anatoa la kwake. Mzee mmoja akaonyesha ua lililokunjamana akasema huyu marehemu shemeji yangu nilipomdai. Neema akaonyesha jingine akasema huyu bosi wangu akisikia mwezi umeisha. Halafu wanasogea hatua mbili, wanasimama tena. Hatua mbili! Wamelipia mlima mzima wanatembea hatua mbili.

Ndipo mtu akauliza, "Mama, na huyu mrefu?"

Nikachungulia. Yako maua kule marefu kama mwenge, bua limenyooka, kichwa chekundu kinawaka juu ya nyasi zote.

"Huyu?" akasema mke wangu. "Huyu si ndiye Baba Shani!"

"Kwa nini?"

"Mwangalie. Kofia nyekundu, shingo kaikaza, kawapita wenzake wote, na hageuki nyuma hata ukimwibia."

Walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye maji. Mama Shani akasubiri wakatulia, akasema na neno jingine la mwisho, kwa sauti ya chini. Upepo ukalichukua. Nikaona Neema kaweka mkono kifuani. Halafu wakaendelea.

Nikabaki nyuma ya jiwe. Kutukanwa nimetukanwa sana, Kurasini ndiyo ilikuwa salamu. Kilichoniuma ni lile neno la mwisho. Watu wameambiwa jambo juu yangu mie, jambo la kuweka mkono kifuani, na mie silijui.

Nyumbani nikamuuliza. "Siku ile kwenye ua lile jekundu, ulimalizia na nini?"

Akajua nilikuwa nimejificha. Hakushtuka hata. Akasema, "Baba Shani, maneno ya mkiani yanasemwa mkiani."

Basi nikabadilisha utaratibu. Mie ndiye mwenye safari, nani wa kunizuia? Nikasema safari hii Mama Shani mbele, mie mkia.

Msijaribu. Mama Shani alipowekwa mbele msafara mzima ukawa kama foleni ya maji, umejikusanya kwake, unasogea kidogo kidogo. Mkiani nikabaki na kaka mmoja wa Mbagala ambaye kichwa kilikuwa kinamgonga kwa sababu ya mwinuko. Nikasema na mie nitumie mbinu ileile, nimchangamshe.

"Unaliona ua hili?" nikamwambia.

"Naliona."

Nikafikiri. Nikafikiri tena. "La njano hili."

Akaniangalia. "Ndiyo," akasema, akafumba macho.

Kuna watu wanazaliwa na mdomo wa kuuza na wengine na mdomo wa kuongea. Wa kwangu unauza buti. Mjichunguze mapema.

Ile safari ilinipa hasira, na hasira ikanipa wazo. Nikasema watu hawa nimewapoteza kwa vitumbua na vicheko, nitawarudisha kwa zawadi. Februari iliyofuata, asubuhi pale barabarani, wote wamejifunika mablanketi, nikatangaza: mtu wa kwanza kufika kilima cha mwisho pamoja na mie, safari ijayo anakwenda bure.

Mama Shani akasema, "Leo kuna ukungu."

"Ukungu si mvua."

"Baba Shani, watu wasikimbizane kwenye ukungu."

"Wewe kaa na mkia wako."

Askari wa hifadhi naye akasema tusiachane mbali. Nikamwambia mie uwanda huu naujua kuliko mama aliyenizaa. Na kweli ilifanya kazi, nisiwafiche. Nilipata watu kumi na zaidi mbele, vijana wenye mapafu, na Neema akiwemo. Tukaondoka kwa kasi, moyo wangu umejaa. Nyuma kicheko kikapungua, kikapotea. Nikasema leo mmenijua.

Kilima cha pili ukungu ukatuangukia. Ukungu wa kule unashuka mara moja kama mtu kakutupia shuka. Busara ilisema simama. Lakini nyuma yangu vijana wawili walikuwa wameanza kunipita, wananipita mie, kwenye safari yangu, wanakwenda kuchukua zawadi yangu. Nikakimbia.

Sasa kule Kitulo ardhini kuna fuko, wale panya wanaoishi chini. Wanachimba, wanaacha mashimo, nyasi zinafunika. Mguu wangu wa kulia ukaingia kwenye shimo mpaka karibu na goti, mwili ukaendelea na safari peke yake. Nilisikia goti limesema kitu.

Nikalala pale. Nikaita, wenzangu wa mbele wakapita kushoto na kulia, nasikia viatu, hawanioni. Nilisikia sauti ya Neema anasema, "Baba Shani yuko mbele, twendeni." Mnaona. Niliwazoesha kwamba mie niko mbele, basi hata nilipolala chini ya miguu yao walikuwa wananifuata mbele.

Baridi ikaingia kwenye mifupa. Maua yakanizunguka uso, kwa mara ya kwanza nikayaona kwa karibu, yamejaa matone. Sikuwa na la kuyaita. Nikafikiria askari atakuja, vijana watarudi, watauliza. Halafu nikakumbuka Mzee Kapinga na yule mbeba chumvi. Mtu pekee ambaye hawezi kunipita ni mkia.

Nikavua kofia, nikaichomeka juu ya fimbo yangu, nikaishikilia juu. Nikangoja. Miaka yote ile kicheko kile kiliniudhi kikija. Siku hiyo nilikuwa nakitegea sikio kama mtu anayengoja gari la wagonjwa.

Kikaja. Mbali, kisha karibu, halafu mzee mmoja akasema, "Kile nini kile chekundu?"

"Ngojeni," ikasema sauti ya mke wangu.

Akatokea kwenye ukungu na blanketi lake. Akanitazama, akatazama shimo, akatazama kofia juu ya fimbo.

"Habari za mbele?" akaniuliza.

"Nzuri."

"Goti?"

"Limekwenda."

Akachuchumaa, akachukua mpira wa tyubu mfukoni mwangu bila kuuliza, akalifunga goti lote kwa sweta yake akalikaza na ule mpira. Askari akaitwa kwa filimbi, vijana wa mbele wakarudishwa mmoja mmoja, hakuna aliyepotea, Mungu mkubwa. Wakati tunawangoja wakanikalisha. Ndipo mzee yule akafungua kapu.

Vitumbua vya moto. Vimefungwa kwenye kitambaa, juu yake gazeti, juu yake sufuria, mpaka mlimani bado vinatoa mvuke. Na chai ya tangawizi yenye iliki. Iliki!

"Hivi mnavilaga kila safari?" nikauliza.

"Kila safari," akasema mzee, anatafuna.

"Mbele tunakula biskuti."

Mama Shani akasema, "Mbele hamkai. Kitumbua kinaliwa umekaa."

Nilikibwia kitumbua kile na uchungu wa goti, na nawaambia wazi, kilichoniliza machozi hakikuwa goti. Miaka yote ile, nyuma yangu, iliki.

Wakanibeba kwa zamu kwenye blanketi mpaka barabarani. Wote wa mkiani walijitolea. Wa mbele walipiga picha.

Goti halikurudi kuwa goti. Mtaalamu wa mifupa alisema Pugu unaweza kwenda kwa mapozi, milima mirefu kaa mbali. Nikastaafu. Biashara ikachukuliwa na aliyekuwa ameshaichukua. Sasa Mama Shani hana mbele wala nyuma, msafara wake wote ni mkia, hauna kichwa. Wanakwenda kilima cha kwanza tu, wanarudi jioni. Hawafiki popote. Na nafasi zinajaa Agosti.

Mie nakaa kibarazani na simu. Grupu linalia kutwa. Picha za maua, na chini yake majina: mama mwenye nyumba, mjumbe, wanakwaya. Watu ambao sijawahi kuwaona wananiambia shikamoo Baba Shani, nimekuona Kitulo, na wananitumia picha ya ua jekundu. Nikiwauliza Mama alisema nini juu yangu, wananiandikia kicheko.

Mwaka huu nikasema basi. Kilima cha kwanza goti litaweza. Nikamwambia mke wangu tukiwa mezani, "Machi nakuja."

"Karibu. Nafasi imebaki moja."

"Nitakaa mkiani."

"Wote wanakaa mkiani. Tuma hela, nikuandike."

Nikamwangalia. "Mama Shani, mie ndiye nilianzisha safari hii."

"Najua, baba. Ndiyo maana bei unaijua. Tuma kwenye namba ya kampuni kama wenzako, vinginevyo mahesabu yatanichanganya."

Yuko mbele yangu, kati yetu kuna bakuli la mchuzi. Nikatoa simu nikatuma. Yake ikalia pale pale mezani. Akaisoma, akasema asante kwa kusafiri nasi.

Basi nikaenda. Nilivaa kofia yangu. Nikatembea hatua mbili, nikasimama, hatua mbili, nikasimama, na nikala vitumbua nimekaa. Tulipofika kwenye lile ua refu jekundu wote wakanigeukia, wanatabasamu kama watu wenye zawadi mfukoni. Mama Shani akasema kofia nyekundu, akasema shingo, akasema hageuki nyuma hata ukimwibia. Wakacheka, na mie nikacheka, kiasi. Halafu, kabla hajafungua mdomo tena, msafara mzima ukalisema pamoja naye, mpaka wageni wa Tabata waliokuja kwa mara ya pili tu, neno ambalo kila mtu alikuwa nalo isipokuwa mie:

"Ukungu ukishuka, huyu ndiye tunayemfuata."

Maneno matano. Wenzangu waliyapata kwa kufungua kamba za kiatu kisicho na kamba. Mie nimeyalipia, pamoja na nauli, kiingilio, vitumbua na makato ya mtandao, shilingi laki mbili sabini na nane elfu na mia tano.